Van Iliyobeba Nyumba: Jinsi Nilivyoipunguzia Kuyumba

Van tupu na van iliyogeuzwa nyumba ni magari mawili tofauti, hata kama namba ya chasisi ni ileile. Ile ya kwanza nilikuwa naijua vizuri: nyepesi, inarusha kidogo kwenye mashimo, inafuata usukani bila ubishi. Ya pili nilianza kuijua baada ya kuiwekea kitanda, makabati, jiko, tangi la maji la lita 80, betri mbili na keria juu ya paa. Kwenye kona ililala. Lori likitupita iliyumba, na lori likishapita ikayumba tena kwa upande wa pili. Nikishika breki pua ilichimba; nikikanyaga mafuta ilikaa kitako. Kwenye tuta ilipanda mara moja na kushuka mara tatu. Mwenzangu, ambaye kwa kawaida hupitiwa na usingizi kabla hatujamaliza mji, akawa anashika mpini wa juu ya mlango hata kona yenyewe haijafika.

Nikaanza kuulizia, na kila niliyemuuliza alikuwa na kitu cha kuninunulisha. Mmoja alisema shokapu. Wa pili mifuko ya hewa. Wa tatu akasema niongeze bapa moja kwenye springi za nyuma, wa nne stabilaiza nene. Hakuna aliyeniuliza gari lina uzito gani, wala kuyumba kwenyewe kukoje.

Ninachotaka kusema katika simulizi hii ni hicho tu. Kila kifaa chini ya gari kina kazi yake, na ukikinunua kwa ajili ya tatizo lisilo lake, pesa imekwenda na gari linaendelea kuyumba. Springi hubeba uzito, basi. Shokapu haibebi mzigo. Kazi yake ni kuituliza springi. Ndani yake pistoni inasukuma mafuta yapite kwenye vitundu vidogo vya vali, na nguvu ambayo ingelidundisha gari inageuka joto. Stabilaiza, ule mtaimbo uliopindwa unaounganisha gurudumu la kushoto na la kulia, huzuia bodi isilale kwenye kona, lakini haina la kufanya magurudumu yote mawili yakipanda tuta kwa pamoja. Bushi, vile vipande vya mpira kwenye maungio, na boljointi, maungio ya chuma yanayozunguka, hushikilia kila kitu mahali pake. Na chini ya vyote kuna tairi, ambayo nayo ni springi, tena ndiyo ya kwanza kuguswa na barabara.

Ukishaelewa hivyo, lile lalamiko la "gari linayumba" linagawanyika lenyewe. Kukaa kitako ni habari ya uzito na springi. Kuendelea kudunda baada ya tuta ni shokapu. Kulala kwenye kona ni uzito ulioko juu, halafu stabilaiza. Kupepesuka kwenye barabara iliyonyooka, ukawa unasahihisha usukani kila mara, mara nyingi ni tairi, alaimenti (pembe ambazo magurudumu yamepangwa), au kitu kilicholegea mbele. Nilimpa mwenzangu daftari akae nalo kiti cha abiria, aandike gari limefanya nini na wapi. Yale maandishi ya mkono unaotikisika yalinisaidia kuliko ushauri wote niliokuwa nimepewa, kwa sababu yalionyesha nina matatizo manne, si moja.

Fundi aliyenisikiliza mpaka mwisho alikuwa mzee mmoja aliyezoea magari ya mizigo. Alizunguka van, akainama nyuma, akatazama chini, akasimama.

"Kijana, umeipima?"

"Nimepima nini, mzee?"

"Gari. Kwenye mizani. Mimi sigusi spana kabla hujaniletea karatasi."

Kwenye mizani ya magari usiridhike na uzito wa jumla. Pandisha magurudumu ya mbele peke yake, yapimwe. Kisha ya nyuma peke yake. Kama mizani inaruhusu, pima na upande wa kushoto na wa kulia. Nenda ukiwa umepakia kama unavyosafiri kweli: maji, mafuta, gesi, vyombo, na watu wakae kwenye viti vyao. Kisha linganisha na kibati cha mtengenezaji, ambacho mara nyingi kiko kwenye nguzo ya mlango au chini ya boneti. Kinaonyesha uzito wa juu kabisa wa gari zima na wa kila ekseli. Hiyo namba ya ekseli ndiyo watu wengi hawaitazami. Gari langu kwa jumla lilikuwa ndani ya kiwango, ila ekseli ya nyuma ilikuwa imebakiza kidogo sana kufika ukomo huku ya mbele ikiwa na nafasi tele. Na upande mmoja ulikuwa mzito kuliko mwingine kwa zaidi ya kilo mia, maana jiko, tangi na betri vyote vilikaa kushoto. Ndiyo maana ilikuwa ikikata kona za upande mmoja kwa heshima na za upande mwingine kwa fujo.

Hesabu ya mzigo unaokaa nyuma ya ekseli inafaa uielewe, kwa sababu inawashangaza wengi. Chukua gari ambalo umbali kati ya ekseli ni mita 2.5. Weka mzigo wa kilo 100 mita moja nyuma ya ekseli ya nyuma, pale mkiani ambapo watu hupenda kujenga sanduku la vifaa. Ekseli ya nyuma haiongezewi kilo 100; inaongezewa 140, na ya mbele inapunguziwa 40. Mzigo umekuwa wenzo. Mbele kukiwa kwepesi usukani nao unakuwa mwepesi na gari linapepesuka, na hapo ndipo mtu anaposema steringi ina tatizo.

Kwa hiyo kazi ya kwanza haikuwa ya spana. Nilihamisha betri kutoka mkiani hadi nyuma ya kiti cha dereva, upande wa kulia. Tangi nililisogeza mbele ya ekseli ya nyuma na kulishusha hadi sakafuni. Jeki, minyororo na kisanduku cha spana vilitoka kwenye keria vikaingia chini ya kitanda. Kilo iliyoko juu ya paa haina gharama sawa na kilo iliyoko sakafuni. Kadiri inavyokaa juu ndivyo inavyolivuta gari lilale kwenye kona. Maji nayo yana vituko vyake: tangi likiwa nusu, maji yanakimbilia upande ule ule gari linakolalia. Tangu hapo nasafiri likiwa limejaa au likiwa tupu, na ninayemjua anayetaka kujenga tangi namwambia aweke vizuizi ndani.

Kama hujajenga bado, una bahati. Mbao za tabaka za milimita 18 zina kama kilo 12 kwa mita moja ya mraba. Za milimita 12 zina kama kilo 8. Betri ya asidi na risasi ya Ah 100 inakaribia kilo 30, wakati ya lithiamu ya ukubwa huohuo ni kama kilo 12. Hizo ni kilo ambazo hutazitafutia springi baadaye.

Baada ya kupanga upya mzigo, bila kununua chochote, kuyumba kulipungua kiasi ambacho mwenzangu alikitambua kabla sijamwambia kwamba nimebadilisha kitu. Sisemi tatizo lilikwisha. Ila lilikuwa limepungua vya kutosha kunifanya niwe na adabu na pesa iliyobaki.

Zikafuata tairi. Zilizokuwepo zilikuwa za gari dogo, laini ubavuni, na namba yake ya uwezo wa mzigo ilikuwa chini ya ninachohitaji. Ubavuni mwa tairi, baada ya ukubwa, kuna namba kama 104 au 112. Ni msimbo wa uzito. 104 ni kilo 900 kwa tairi moja, 107 ni kilo 975, 112 ni kilo 1,120. Chukua uzito wa ekseli yako kutoka kwenye karatasi ya mizani, gawanya kwa mbili, kisha hakikisha tairi inabeba zaidi ya hapo, kwa sababu pande mbili hazilingani kamwe. Tairi za mizigo zina herufi C baada ya ukubwa, na zile zilizotengenezwa kwa ajili ya magari ya kulala ndani zina CP. Ubavu wake ni mgumu, na ule ugumu ndio unaozuia gari kuteleza upande kwa upande juu ya tairi zake lenyewe, kabla hata springi haijapata habari.

Upepo ni jambo la kujadiliana na mtengenezaji wa tairi, si na kijana wa pampu. Tairi za CP za ekseli ya nyuma kwenye magari mazito huwekewa hadi bar 5.5, karibu PSI 80, na mtu aliyezoea gari dogo anaogopa akiona namba hiyo. Usiichukue kwa gari lako bila kuuliza: jedwali la mtengenezaji linakupa upepo kwa uzito halisi wa ekseli, na rimu pamoja na vali lazima viwe vya kuhimili upepo huo. Upepo ukiwa mdogo tairi inajikunja ubavuni na kupata joto, na joto ndilo linalopasua tairi. Ukizidi sana gari linaruka kwenye kila kokoto na breki zinapoteza mshiko. Pima asubuhi tairi zikiwa baridi. Mimi tairi zilikula fungu kubwa kuliko vyote katika bajeti, na kama ningelazimika kuchagua kitu kimoja tu cha kununua, ningezichagua tena.

Kisha mzee akaingia chini. Hapa sitasema mengi, kwa sababu kazi yenyewe ni ya kawaida: bushi za mikono ya chini zilikuwa zimepasuka, linki ya stabilaiza ya mbele ilikuwa inagonga, na boljointi moja ilikuwa na mchezo ukiisukuma kwa mtaimbo. Vyote viliondolewa, vikaja vipya, bushi zikiwa za mpira. Kuna bushi za poliurethani ambazo ni ngumu zaidi na zinadumu, lakini zinapitisha mtikisiko mwingi hadi kwenye bodi, na mtu anayelala ndani ya gari na vyombo vya udongo hahitaji hilo. Jambo moja lishike: bolti za bushi za mpira hukazwa mwisho gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, na uzito wake juu yake. Ukizikaza gari likiwa limening'inia kwenye jeki, mpira unakuwa umesokotwa tangu siku ya kwanza na utachanika mapema. Nimewaona mafundi wazuri wakilipuuza hili kwa ajili ya haraka.

Shokapu za zamani hazikuwa na mafuta yaliyovuja, na ile mbinu ya kusukuma kona ya gari kwa mikono haikuonyesha kitu, maana springi za van ni ngumu mno kwa mikono ya mtu. Zilipotolewa ndipo ukweli ulipojitokeza. Mzee aliisimamisha moja wima sakafuni akaibana polepole. Ilishuka kwa uzito ule unaotarajiwa, kisha katikati ikakosa ukinzani kabisa kwa upana wa vidole viwili, halafu ikashika tena. Palepale pa vidole viwili ndipo gari linapokaa linaposafiri. Miezi yote ile nilikuwa naendesha kwenye sehemu isiyokuwa na shokapu. Kama huna nia ya kuzitoa, endesha kwenye barabara mbaya kwa muda, simama, kisha sogeza kiganja karibu na kila moja kwa uangalifu: inayofanya kazi ina joto, iliyokufa imebaki baridi. Tairi zilizoliwa kwa mawimbi, bonde na kilima, nazo zinasema hivyohivyo.

Mpya nilichukua za gesi zenye silinda moja, aina ambayo mafuta hayachanganyiki na hewa hata ukiliendesha gari kwenye barabara ya mikunjo kwa muda mrefu. Nilishawishiwa kuchukua ngumu kuliko zote zilizokuwepo. Nilikataa, na nafurahi. Shokapu ngumu kupita kiasi haimpi springi nafasi ya kurudi kabla ya tuta linalofuata. Gari linazidi kushuka tuta kwa tuta hadi linapiga mpira wa kuzuia, ule unaozuia ekseli isigonge chasisi, na dereva anadhani springi zimechoka. Chagua ya uzito wa gari lako kama lilivyo sasa. Zipo za kurekebishwa kwa kuzungusha, na kwa gari ambalo mzigo wake hubadilika sana zinafaa, mradi uwe mtu wa kweli wa kuzirekebisha. Mimi si mtu huyo.

Baada ya shokapu, tuta likawa kupanda mara moja na kushuka mara moja. Kukaa kitako kukabaki vilevile, kama ilivyotarajiwa, kwa sababu kazi ya shokapu si kuinua gari.

Kabla ya kuamua la kufanya nyuma nilipima urefu. Usipime kutoka ardhini, maana upepo wa tairi utakudanganya. Pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi ulio juu yake, pembe zote nne, gari likiwa tupu kama unaweza, kisha likiwa limepakiwa. Andika. Halafu nilibandika udongo laini wa kuchezea watoto juu ya mipira ya kuzuia ya nyuma, nikaenda kuendesha. Niliporudi, wa kushoto ulikuwa umebanwa ukawa bapa kabisa, una hata alama ya ekseli. Kumbe kwenye kona springi ilikuwa inafika mwisho, ekseli inagonga mpira, na upande ule unakuwa mgumu ghafla. Ule mshtuko tuliokuwa tunauita "gari kurushwa" ulikuwa huo.

Springi za nyuma za van nyingi, HiAce ikiwemo, ni za bapa, yaani vyuma vilivyolaliana tabaka kwa tabaka na kufungwa kwenye ekseli kwa bolti za umbo la U. Njia ni tatu: kuongeza bapa, kubadilisha springi nzima kwa zilizotengenezwa kwa uzito mkubwa, au kuweka mifuko ya hewa ya kusaidia. Kuongeza bapa hakugharimu sana, ila gari linakuwa gumu siku zote, hata likiwa tupu, na msuguano kati ya mabapa unaongezeka. Springi mpya ni suluhisho safi kwa mtu ambaye uzito wake haubadiliki. Wangu unabadilika, wiki moja tuna maji na vyakula, wiki nyingine ni kitanda tu, kwa hiyo nilichagua mifuko. Ni mipira minene inayokaa kati ya chasisi na ekseli, unaijaza kulingana na mzigo.

Yapo mambo ambayo muuzaji hatakuambia bila kuulizwa. Kila mfuko uwe na bomba lake na kipimo chake. Mifuko miwili ikiunganishwa kwa bomba moja, kwenye kona hewa inakimbia kutoka upande uliobanwa kwenda upande ulioinuka, na gari linalala zaidi kuliko zamani. Usiendeshe ikiwa tupu kabisa. Mpira unajikunja, unajisaga, unapasuka. Mtengenezaji ana kiwango cha chini, kifuate. Hakikisha hauko karibu na eksozi. Na zaidi ya yote, mifuko haiongezi hata kilo moja kwenye kibati. Breki, beringi, rimu na ekseli ni zilezile. Gari lililoinuka vizuri nyuma likiwa limezidi uzito ni hatari kuliko lile lililolala, kwa sababu halionyeshi.

Mifuko ilifungwa kwenye gereji nyingine, siyo kwa mzee. Kazi ilikuwa safi kwa macho. Gari lilisimama sawasawa, nikaondoka nikiwa na furaha, mpaka niliposhika breki kwa nguvu kwenye mteremko wenye mvua. Mbele kulifunga mapema, pua ikachimba, nyuma kama hakuna breki. Nilishika usukani kwa mikono miwili nikamaliza mteremko kwa gia, mgongo umeloa jasho.

Mzee alilala chini ya gari muda mfupi tu akaniita nikalale pembeni yake. Alinionyesha kifimbo chembamba kilichofungwa kwenye ekseli, kikipanda hadi kwenye vali ya breki iliyoko kwenye chasisi. Vali hiyo inapima mzigo kwa kuangalia umbali kati ya bodi na ekseli. Bodi ikishuka, vali inajua gari limebeba, inaruhusu nguvu kubwa ya breki nyuma. Bodi ikiinuka, inajua gari ni tupu, inapunguza ili magurudumu ya nyuma yasifunge. Mifuko ilikuwa imeinua bodi. Gari lilikuwa limebeba nyumba nzima huku vali inaamini halina kitu. Waliofunga hawakukigusa kifimbo. Mzee alikirekebisha kufuata kitabu cha mtengenezaji, kwa vipimo vya presha vilivyofungwa kwenye mabomba ya breki, siyo kwa kukisia. Magari mengi mapya hayana kifimbo hiki kwa kuwa ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasifunge, hugawa nguvu ya breki kwa kompyuta, lakini uliza kabla hujainua chochote nyuma, iwe kwa mifuko, bapa au springi. Taa za mbele nazo zilirekebishwa. Zilikuwa zimeshushwa zamani kwa sababu gari lilikuwa linatazama juu, na sasa zilimulika vidole vya miguu yetu.

Kilichobaki kilikuwa kulala kwenye kona, na sasa hapo ndipo stabilaiza ilipopata zamu yake. Ugumu wa mtaimbo unapanda kwa kipeo cha nne cha kipenyo chake, yaani kipenyo kikizidishwa kwa chenyewe mara nne: ukitoka milimita 24 kwenda 28, tofauti inayoonekana ndogo mkononi, ugumu unaongezeka kwa karibu asilimia 85. Kwa hiyo usikimbilie mnene kuliko wote. Ukiongeza mbele peke yake, gari linakuwa zito kuingia kona, linataka kwenda moja kwa moja. Ukiongeza nyuma peke yake kupita kiasi, mkia unaweza kutaka kupita mbele kwenye barabara yenye maji. Na stabilaiza nene kwenye barabara ya mashimo ina adhabu yake: gurudumu moja likiingia shimoni linaliburuta na lenzake, abiria wanatikiswa vichwa kushoto na kulia. Van yangu haikuwa nayo nyuma kabisa. Niliweka ya wastani nyuma, ya mbele nikaiacha ya kiwandani ikiwa na bushi na linki mpya. Kona zikawa tofauti mara moja.

Mbele kulikuwa na kishawishi kimoja. Van za aina ya hii yangu zina tosheni ba mbele, chuma kirefu kinachosokotwa badala ya springi ya koili, na kuna bolti ya kurekebishia urefu. Kila mtu ananiambia niizungushe ili mbele papande. Bolti hiyo inainua gari lakini haiongezi ugumu wa springi. Inachofanya ni kuila nafasi ya gurudumu kushuka, kwa hiyo kwenye shimo gurudumu linafika mwisho linagonga, na boljointi zinakaa kwa pembe mbaya. Watu wanausikia ule ugumu wanadhani gari limeimarika. Kama lazima uiguse kusawazisha kushoto na kulia, piga alama kwa rangi kwanza, sogeza kidogo, endesha, pima tena. Kisha alaimenti, kila mara urefu ukibadilika. Ifanyike gari likiwa na mzigo wake wa safari; alaimenti ya gari tupu ni alaimenti ya gari lingine.

Upepo wa pembeni haukwisha. Van ni ukuta, na hakuna springi inayopunguza ukubwa wa ukuta. Imekuwa bora, kwamba sasa inasukumwa mara moja badala ya kuendelea kubembea, lakini siku za upepo napunguza mwendo na keria niliiondoa.

Kuhusu pesa, nitasema kwa mafungu. Tairi zilichukua karibu nusu ya yote. Shokapu na mifuko vilikaribiana, ila ukijumlisha ufungaji na lile rekebisho la breki, mifuko ilizidi. Stabilaiza ilikuwa chini ya hapo. Bushi, linki na boljointi vilikuwa vidogo dukani, vikubwa kwenye ufundi. Kupima uzito na kuhamisha mizigo kuligharimu karibu bure, na kulileta mabadiliko yanayoshindana na shokapu. Kuna wakati katikati nilitaka kuuza gari lote, hasa baada ya ule mteremko, na sioni haya kusema kwamba kwa muda sikuliendesha kabisa kwenye mvua.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati, ukiendeshe kwenye njia ileile, kwa mwendo uleule, ndipo uende kingine. Gereji zinapenda kufanya vyote siku moja kwa sababu gari liko juu ya jeki tayari, na kwa bushi na shokapu hilo linaeleweka. Lakini kama mifuko na stabilaiza vingefungwa pamoja, nisingejua kipi kilichoharibu breki.

Bolti za U za springi zikifunguliwa, wekeni mpya. Zinavutika zikikazwa na hazirudi. Baada ya kilomita mia chache zikazwe tena kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, pamoja na bolti za stabilaiza na mabano ya mifuko. Kwenye gari langu bolti moja ya bano ilikuwa imelegea robo mzunguko. Matope yakikaa kati ya mfuko na kitako chake yanausaga, kwa hiyo ukitoka kwenye njia chafu, piga maji pale kabla hayajakauka.